Maneno Elfu, Shilingi Elfu Tatu

Maneno elfu moja, shilingi elfu tatu.
Ndiyo bei. Anayehesabu ni mashine,
na mashine haina macho, ina vidole tu.

Mwaka mzima, Kirumba, chumba kilichoegemea jiwe,
niliandika faida kumi za tangawizi,
dalili saba za mume aliyekuchoka (sijaoa),
jinsi ya kuchagua zulia la sebule,
mimi ninayelala mkekani, miguu ikigusa mlango.

Likaja agizo la sato.
Neno “sato Mwanza” litokee mara arobaini.
Nikalipanda kama mtu anayepanda kokoto:
sato Mwanza ni sato bora, kwani ukitaka sato, Mwanza
ndiko kwenye sato, na sato wa Mwanza ni sato.
Kule chini, Mwaloni, wanawake wanaomjua sato
kwa kumfunua shavu
walikuwa wakimsuta mchuuzi juu ya barafu ya juzi.
Sikushuka kuwauliza.
Kuuliza hakulipwi.

Umewahi kuona magugu maji yakiingia ghubani usiku?
Unaamka, ziwa limekuwa shamba.
Kijani kinono, maua ya zambarau,
mgeni akiwa mlimani atasema: neema hiyo!
Tia kasia uone.
Huko chini samaki wanatafuta pumzi.
Nami nilikuwa napalilia.

Jioni moja Mbuke wa maandazi akagonga.
Mama yake, Nkamba, ametoka Bugando, anarudi Kome kesho,
na bahasha za dawa zimeandikwa 1 x 2,
½ x 1, mwandiko wa mtu aliyechelewa chakula.
“Mwandikie wewe, si ndiyo kazi yako?
Anasoma. Alisoma kisomo cha watu wazima.
Anasoma kwa kidole, usimkimbize.”

Nikaandika “dozi”. Nikafuta.
Nikaandika “kutwa mara mbili”, nikakiona kidole
kimesimama juu ya “kutwa”, kinasubiri.
Nikafuta.
Karatasi ya nne ndiyo iliyosafiri:
Cheupe: kimoja asubuhi, kimoja usiku.
Cha njano: nusu. Usiku tu.
Mikono ilinitetemeka kama ya karani wa kura.
Kwa mara ya kwanza mwaka ule
neno langu lingeweza kumuua mtu.

Siku ya tisa karatasi ikarudi na mtu wa boti,
imenusa dagaa, imekunjwa mara nne.
Chini ya mistari yangu, kwa penseli, herufi kubwa kubwa:
ASUBUHI KABLA YA UJI AU BAADA?
NUSU NIIKATE NA NINI. KISU CHANGU BUTU.

Nilikaa nayo mlangoni mpaka giza.
Nimeandika maneno laki nne, labda zaidi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
kabla ya uji au baada.

Asubuhi nikapanda Bugando, nikapanga foleni ya dawa
bila ugonjwa wowote. Mfamasia alinitazama vibaya.
Nikamjibu Nkamba: Baada ya uji.
Kidonge kina mstari katikati. Kivunje kwa vidole,
kisu kipumzike.

Kazi ile sijaiacha. Mwenye nyumba hapokei toba.
Ila nikifika neno la mia tatu
nasikia penseli ikikwaruza mahali fulani kisiwani,
na tangawizi inanishinda.

Juzi agizo la sato limekuja tena.
Safari hii nilishuka. Ng'washi, anayeuza karibu na mizani,
alinipa ndoo nikalie, akasema:
“Andika. Jicho likiwa kama la mtu aliyekesha msibani,
wasinunue, hata wakiapiwa.”

Nikaandika hivyo hivyo. Mara moja tu.
Mashine haikuona kitu. Ililipa elfu tatu ileile.